Bei ya Ndugu

Hapa kambini kuna maswali ambayo watu wanayaogopa, na kuna mengine ambayo watu wanayadharau. Langu ni la kundi la pili. Pikipiki yako ikiharibika na uko na spana nyumbani, je, ni sawa umpite fundi aliyekaa chini ya mti na uende kuifungua mwenyewe nyuma ya nyumba? Nililiuliza kwenye kikao chetu cha vijana, wakacheka. Baada ya dakika kumi hakuna aliyekuwa anacheka tena, na wawili walikuwa wameshasimama.

Kwa wasomaji wanaokuja Nakivale asubuhi na gari na kurudi Mbarara jioni, niseme kidogo pikipiki ni nini kwetu. Makazi haya ni makubwa. Kutoka Juru au Rubondo kuja Base Camp si mwendo wa mtu kutembea na gunia kichwani. Boda ndiyo inabeba mahindi kwenda kwenye mashine, mama mwenye uchungu kwenda kituo cha afya, samaki kutoka ziwani, vitanda, mabati, na hata maiti nimeshaona. Nyingi ni Bajaj Boxer. Ni injini rahisi, silinda moja, inapozwa na upepo tu, haina mambo mengi. Lakini barabara zetu hazina huruma. Kiangazi vumbi linaziba kichujio cha hewa, linakula cheni, mwishowe linafika kwenye ringi na pistoni, pikipiki inaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili kama mlevi. Mvua zikija ni matope, na breki ya nyuma inapiga kelele mpaka watoto wanaiiga. Kwa hiyo kutengeneza pikipiki hapa ni kama kupalilia shamba, leo umemaliza na wiki ijayo unarudi.

Kikundi chetu kina pikipiki moja, ya watu kumi na wawili. Tunaendesha kwa zamu na kila jioni mwenye zamu analeta pesa kwenye sanduku. Klachi ilipoanza kuteleza, fundi akatuambia pleti mpya tununue wenyewe, na kazi yake ni elfu kumi na tano. Hapo ndipo ubishi ulianzia.

Walio upande wa kujitengenezea walikuwa na hoja nzito, wala si uchoyo tu. Elfu kumi na tano kwa mtu wa Kampala ni chakula cha mchana na soda. Kwetu ni maharage ya nyumba nzima kwa siku nyingi. Tangu Julai 2023, WFP ilipogawa wakimbizi katika makundi matatu kufuatana na hali ya kila nyumba, na kundi la tatu likaacha kabisa kupewa chakula, kila shilingi inayotoka mfukoni inaulizwa inakwenda wapi. Kijana mmoja akasema, «Niko na mikono miwili na simu iko na video. Juu ya nini nimupe mutu makuta ya kufungua boloti sita?» Swali zuri. Sikuweza kulijibu haraka.

Na sisi tuliotoka Kongo tuna sheria moja ambayo kila mtoto anaijua kabla hajajua kusoma: Artikle 15, jidebruye. Ukienda kuitafuta kwenye katiba hutaipata imeandikwa hivyo. Wazee wanaisimulia kwamba ilianzia wakati wa Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji, mwaka 1960, watu walipokuwa wanamlilia wapewe msaada. Ilikuwa mzaha, ikageuka kuwa maisha. Mtu aliyekulia ndani ya Artikle 15 anaona aibu kulipia jambo ambalo mikono yake inaweza. Ukipita Goma utaona sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayoshuka na mizigo kutoka milimani, imepakwa rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Ni heshima ya haki. Chukudu haina siri: mti, misumari, mpira wa tairi kuukuu. Ikivunjika, mwenyewe anaona palipovunjika.

Lakini Boxer si chukudu. Klachi iko ndani ya oili, imefunikwa. Hapo ndipo fundi anapopata kazi yake, na hapo ndipo mashaka yetu yanapozaliwa, kwa sababu mtu anayeona ndani anamwambia mtu asiyeona ndani ni kiasi gani alipe.

Kuna Mmarekani, Robert Pirsig, aliyetoa kitabu mwaka 1974 juu ya safari ndefu ya pikipiki akiwa na mwanawe mdogo. Anasafiri pamoja na rafiki yake mwenye BMW nzuri, na rafiki huyo hataki hata kusikia habari ya kuitengeneza, anaona ni kazi ya mafundi. Pirsig mwenyewe anatengeneza yake. Sababu moja anaieleza: aliwahi kuipeleka kwa mafundi, wakaifungua na kuifunga tena na tena, redio inalia, wakaiharibu zaidi, kumbe shida ilikuwa kipini kidogo cha bei ya senti ishirini na tano ndani ya njia ya oili. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwa sababu hao mafundi nawajua, wako hata huku. Ila kuna jambo katika kitabu hicho ambalo halinihusu. Wale marafiki wawili wana uwezo wa kuchagua. Mmoja anapenda mashine, mwingine hapendi, basi. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye akijitengenezea, fundi wa jirani analala njaa.

Fundi wetu analala njaa. Hii si picha ya maneno. Ana watoto, ana kadi ileile ya mgao tunayoijua sote, na alikuwa makanika Bukavu kabla ya kuja. Alikimbia akaacha gereji, akaacha vyombo, akaacha hata viatu. Kilichovuka mpaka pamoja naye ni mikono yake tu, na yale anayoyajua ukimwashia injini akainamisha kichwa kusikiliza. Wengine tulivuka bila chochote. Yeye alivuka na kitu, na ndicho anachouza.

Sasa nifike mahali ambapo ubishi wetu uliniuma. Tulipokubaliana kwamba hatutafungua klachi wenyewe, mweka hazina wetu akasema, «Sawa, tuende kwake, lakini atupe bei ya ndugu.» Wote wakaitika. Bei ya ndugu! Maneno haya nimeyasikia tangu nifike hapa na nilikuwa sijawahi kuyasimamisha na kuyaangalia usoni. Maana yake ni hii: wewe ni mkimbizi mwenzetu, tumetoka sehemu moja, tunasali pamoja, kwa hiyo elfu kumi na tano ifanye elfu saba. Na fundi anakubali, kwa sababu akikataa atasemwa kuwa moyo wake umekuwa wa Kizungu.

Pikipiki hiyohiyo tukiipeleka Mbarara, kwenye gereji yenye bango na kijana mwenye ovaroli, tunalipa bei iliyotajwa. Tunajikuna kidogo, tunaguna kidogo, lakini tunalipa. Hatumwambii yule kwamba yeye ni ndugu. Ina maana gani basi, kwamba undugu kazi yake ni kumpunguzia mtu malipo? Ningedhani ndugu ndiye wa kwanza kulipwa kamili, kwa kuwa njaa yake naijua na mlango wake nauona kutoka kwangu. Mgeni simjui, labda ana shamba la ndizi na ng'ombe.

Nilisema hivyo kikaoni. Dada mmoja akanijibu vizuri kuliko nilivyosema mimi. Alisema undugu una pande mbili: kama mimi ninaomba nipunguziwe leo, kesho fundi akija kusuka nywele za binti yake nami nampunguzia, na hivyo ndivyo watu wasio na pesa wanavyoishi, wanakopeshana bei. Ni kweli. Nimeona mama anayeuza mihogo akimpa fundi mihogo mwezi mzima, na pikipiki ya mwanawe ikatengenezwa bila shilingi kupita. Hiyo siiiti unyonyaji. Lakini inahitaji kurudi. Vijana kumi na wawili wenye pikipiki moja tunampa nini fundi kesho? Hatusuki nywele. Tulikuwa tunataka upande mmoja wa undugu tu.

Naomba nisieleweke kwamba mafundi ni malaika na sisi wateja ndio wabaya. Mzee mmoja jirani yangu ana Toyota ya zamani inayobeba abiria kwenda Mbarara. Altaneta ilikufa. Aliipeleka kwenye gereji moja mjini, jina lake silitaji, akalipa pesa ya altaneta mpya na akasubiri siku nzima kwenye benchi. Wiki tatu baadaye taa zikafifia tena njiani usiku. Fundi wa hapa alipofungua akakuta ile ya zamani, imesafishwa na petroli na kung'arishwa. Mzee hakurudi kudai. Hakuwa na risiti, Kinyankole chake ni cha kusalimia tu, na alisema maneno ambayo sijayasahau: «Mtu wa kambini akigombana mjini, hata akiwa na haki, anaonekana mwizi.» Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Inasaidia sana. Lakini kudai altaneta yako mbele ya watu wanaocheka kwa lugha usiyoijua, hiyo haimo kwenye karatasi.

Kwa nini basi tunawaamini zaidi wa mbali? Nadhani ni bango. Fundi wetu hana bango, ana mti na turubai kuukuu. Ila akikosea, unajua pa kumpata. Atakuwa palepale chini ya mti kesho, mke wake atakutana na mama yako kwenye bomba la maji, na aibu itamfikia kabla ya jua kuzama. Sijui gereji yoyote ya mjini yenye dhamana ya namna hiyo.

Upande wa kujitengenezea kuna kitu kingine ambacho video za simu hazisemi. Tukiharibu pikipiki yetu wenyewe, hasara ni yetu. Lakini boda haibebi mwenyewe peke yake. Abiria anapanda nyuma, anashika kiuno cha dereva, hajui nani alibadilisha viatu vya breki jana usiku kwa mwanga wa tochi. Hajaulizwa. Kwa hiyo ule usemi wa «ni chombo changu, ninafanya ninavyotaka» unafika mwisho pale mtu wa pili anapopanda. Oili nimwage mwenyewe, plagi niisafishe, cheni niikaze na kuipaka mafuta, kichujio nikipige vumbi. Hayo ni kama kuosha sahani zangu, na mtu anayemlipa fundi kukaza cheni naona ana pesa za kuchezea. Breki, usukani na taya za mbele ni neno lingine. Hapo nataka pawe na mtu anayejibu.

Kijana wa zamu ya usiku aliniangusha kwenye hoja hii, au karibu aniangushe. Alisema: saa nane usiku mume anagonga mlango, mke anajifungua, breki ya nyuma imekwisha na fundi yuko amelala Sangano. «Utaniambia mambo ya kujibu?» Alikaza mwenyewe, akaenda polepole, mtoto akazaliwa kwenye kituo. Mimi namwona alifanya vizuri. Wala siioni hiyo kuwa ruhusa ya kukaza breki mwenyewe saa nne asubuhi fundi akiwa mita mia moja, kwa sababu tu tunataka kubakisha elfu tano. Dharura ni dharura. Tatizo la umaskini ni kwamba unafanya kila siku ionekane dharura, na mtu akiishi hivyo miaka mitano hajui tena ipi ni ipi.

Jambo dogo pembeni, kwa sababu ziwa ni letu sote. Wanaojibadilishia oili wengi wanaimwaga chini pale waliposimama. Mvua ikinyesha, inajua njia ya kushuka. Mafundi wana jerikani, wanaihifadhi na kuwauzia watu wanaopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Kama unataka kujitengenezea, basi jinunulie na jerikani.

Kuna njia ya tatu ambayo tulikuja kuiona kwa bahati. Yule dada wa kikundi anapenda injini kuliko sisi wote, na alikuwa anajifunza kwa simu. Tulipompelekea fundi pikipiki, aliomba akae pale aangalie. Fundi kwanza hakupenda. Alisema wazi sababu yake, na naiheshimu: ukimfundisha mteja, umempoteza mteja. Pia alisema msichana atachafuka, hiyo siiheshimu. Mwisho walikubaliana kwamba sisi tulipe elfu kumi na tano kamili, na yeye aache dada ashike spana. Nilijifunza hapo kwamba kulipa kuna aina mbili. Ukiacha pikipiki na kurudi jioni, umenunua kazi. Ukilipa bei hiyohiyo na kukaa, umenunua kazi na shule, na fundi hajapoteza kitu siku hiyo. Kuhusu kesho hofu yake ina ukweli, maana dada sasa anabadilisha pleti za klachi bila msaada. Ila valvu bado anampelekea, kwa sababu sikio la mzee yule halimo kwenye video yoyote, na amemletea pia pikipiki mbili za watu waliokuwa wanakwenda mjini.

Neno linalopendwa na mashirika ni kujitegemea. Tunaliona kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye vichwa vya miradi. Watu wengi hapa wamelielewa kuwa kila mtu na spana yake, kila nyumba na mbuzi wake, usimsumbue mwenzako. Neno hili lina historia. Mwalimu Nyerere alipolisimamisha katika Azimio la Arusha mwaka 1967, alikuwa anazungumza juu ya nchi isiyotegemea pesa za nje, na juu ya watu wanaofanya kazi pamoja. Hakumaanisha kila mtu amtegemee nafsi yake tu. Kijiji ambacho mwenye pikipiki anamlipa fundi, fundi anamlipa mama wa mihogo, na mama analipa boda, kijiji hicho kinajitegemea hata kama ndani yake hakuna mtu mmoja anayejitosheleza. Kijiji ambacho kila mtu amejifungia nyuma ya nyumba na video yake, pesa yote inatoka kwenda kununua spea mjini na hairudi.

Na hapa nawageukia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima, kwa sababu najua mnasoma kijarida hiki. Mnafundisha vijana ufundi wa magari na pikipiki, na wakimaliza mnawapa sanduku la vyombo. Asanteni. Nimeona baadhi ya masanduku hayo yakiuzwa Base Camp kabla rangi haijachubuka, na mnawalaumu vijana kwamba hawako makini. Lakini Land Cruiser zenu zikidai sevisi zinapita mbele ya wanafunzi wenu hao, zinakwenda Mbarara au Kampala. Nimeuliza kwa nini, nikajibiwa na mtu mwema: sheria za manunuzi, lazima kampuni iliyosajiliwa, namba ya TIN, risiti. Nimeelewa. Siombi mtu wa chini ya mti afungue injini ya gari lenye kompyuta. Naongelea tairi lililotoboka, oili ya pikipiki za ofisi, viatu vya breki vya hizo pikipiki, kuchomelea bampa.

Mafundi sita wa upande wetu wamekubali kujiandikisha kama kikundi kimoja ili wapate hiyo namba na kitabu cha risiti. Dada yetu ndiye anawaandikia barua, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Wanauliza mambo mawili: ni ofisi gani iko tayari kuwapa pikipiki moja ya kujaribiwa, na kama bei wataandika ile ya kawaida.